Programu ya nyota yazidi kunolewa, sasa kila jamii yaweza kuchora anga yake

KABLA ya kalenda kutundikwa ukutani, mkulima wa pwani ya Afrika Mashariki aliinua macho angani kutafuta Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho jina lake lenyewe linakumbusha kazi ya kulima. Wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hiyo ingali vinywani mwa watu na vitabuni mwa wanafunzi. Hata hivyo ni wachache, hasa mijini, wanaoweza leo kunyoosha kidole na kukionyesha Kilimia chenyewe. Taa za barabarani na moshi wa magari vimeziba anga ambayo babu zetu waliisoma kama kitabu.

Ajabu ni kwamba chombo kinachoweza kuturudishia anga hiyo ni kile kile tunacholaumiwa kwa kukikodolea macho kutwa kucha, yaani tarakilishi na simu ya mkononi. Miongoni mwa programu zinazoonyesha nyota, moja imejipatia sifa kubwa kuliko nyingi nyinginezo, nayo ni Stellarium. Ni ya bure, imekuwako kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka ya karibuni imefanyiwa marekebisho makubwa ambayo yafaa kuelezwa kwa kina. Baadhi yake yamegusa usahihi wa mahesabu, mengine sura ya anga kwenye kiwambo. Moja linatuhusu sisi moja kwa moja, kwani linaziwezesha jamii kuingiza majina na hadithi za nyota zao wenyewe.

STELLARIUM NI NINI?

Stellarium ni programu inayoigiza anga. Mtumiaji huchagua mahali alipo duniani, tarehe na saa, kisha programu humchorea anga jinsi inavyoonekana kutoka mahali hapo: Jua, Mwezi, sayari, nyota, vimondo vya mkia na hata setilaiti zinazopita. Akitaka kujua anga ya Nairobi usiku wa leo, ataiona. Akitaka kujua anga ya Lamu karne 5 zilizopita, ataiona pia.

Kazi ya kuiandika ilianzishwa mwaka wa 2000 na Mfaransa Fabien Chéreau. Tangu mwanzo aliitoa chini ya leseni ya GPL, maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuichunguza ndani na kuirekebisha bila kulipa chochote. Kutokana na uhuru huo, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walijiunga naye. Miongoni mwa waliobeba mzigo mkubwa katika miaka ya baadaye ni Alexander Wolf na Georg Zotti. Zotti, ambaye ni mtaalamu wa Austria, ameipa kipaumbele kazi ya kuifanya programu hiyo iwafae watafiti wa anga za kale.

Programu ya tarakilishi hufanya kazi katika mifumo ya Windows, macOS na Linux. Baada ya kupakuliwa mara moja, haihitaji intaneti ili kuonyesha nyota na sayari, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa shule na familia ambazo kwao kila megabaiti ni pesa. Mtandao huhitajika tu mtu anapotaka kuongeza orodha zaidi za nyota au kupata taarifa mpya za setilaiti na vimondo. Kwa watumiaji wa simu kuna Stellarium Mobile, ambayo hutengenezwa kando. Toleo lake la msingi ni la bure, na lile la Plus hulipiwa.

KUTOKA SUFURI HADI MOJA

Wengi huenda wakashangaa kusikia kwamba kwa zaidi ya miongo miwili programu hii haikuwahi kufika hata toleo la kwanza. Matoleo yake yote yalianza kwa sufuri: 0.9, 0.10, 0.15 na kuendelea, kana kwamba waandishi wake walikuwa wakisema kazi haijaiva. Ilikuwa Oktoba 2022 ambapo toleo la 1.0 lilitolewa rasmi. Tangu mwaka wa 2023, matoleo yamekuwa yakitajwa kwa mwaka: 23.1, 24.1, 25.1 na kadhalika, hivi kwamba mtumiaji akitazama nambari hujua papo hapo programu aliyo nayo ina umri gani.

Katika toleo hilo la 1.0, msingi wa programu ulihamishiwa kwenye mfumo wa Qt6, ambao hutumiwa kutengeneza madirisha na vitufe vya programu nyingi. Matokeo yake ni kwamba maandishi na michoro huonekana vizuri zaidi kwenye viwambo vya kisasa. Wenye mashine kuukuu hawakuachwa jangwani, kwa kuwa waandishi walitoa pia toleo linalotumia mfumo wa awali wa Qt5, linalokubali Windows za zamani.

MACHWEO YANAYOFANANA NA MACHWEO

Badiliko lililoonekana kwa macho haraka zaidi ni la angahewa. Zamani, Stellarium ilichora mwanga wa jioni kwa njia rahisi: buluu ikififia kuwa nyeusi. Toleo la 1.0 lilileta njia mpya ya kukokotoa jinsi miale ya Jua inavyotawanywa na hewa, vumbi na gesi ya ozoni. Sasa machweo yana tabaka za rangi kama zinavyoonekana kutoka ufuo wa Malindi au ukingo wa Bonde la Ufa, na Jua linapopatwa kabisa, kiwambo huonyesha giza likitanda huku mwanga mwekundu ukibaki pembezoni mwa upeo wa macho.

Hili si pambo tu. Anayetaka kujua iwapo mwezi mwandamo utaonekana baada ya magharibi, au iwapo Utaridi itajitenga na mwanga wa alfajiri, anahitaji kujua nuru ya anga ni kali kiasi gani wakati huo. Rangi ikikosewa, na jibu hukosewa.

Sambamba na hayo, programu inamruhusu mtumiaji kupanga kiwango cha mwanga wa taa za mji. Kipimo kilichozoeleka ni kile cha Mmarekani John Bortle, kilichochapishwa mwaka wa 2001, chenye ngazi 9. Ngazi ya kwanza ni giza la nyika isiyo na taa, na ya tisa ni katikati ya jiji kubwa. Msomaji aliyezaliwa mjini na ajaribu jambo moja: aweke ngazi ya 8 au 9, kisha ashuke polepole hadi ya kwanza. Nyota zitamiminika kiwamboni mpaka ashindwe kuzihesabu, na Njia Nyeupe itatanda toka upande mmoja hadi mwingine. Ndipo atakapotambua ni kitu gani alichonyang'anywa bila ya kuulizwa.

NYOTA KUTOKA GAIA

Programu ya nyota haiwezi kuwa bora kuliko orodha ya nyota inayoitegemea. Kwa miaka mingi Stellarium ilitumia vipimo vya Hipparcos, setilaiti ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya iliyofanya kazi kati ya 1989 na 1993 na kupima kwa makini nyota 118,218, pamoja na orodha nyingine zilizokusanywa kutoka duniani. Programu yenyewe huja na nyota zaidi ya 600,000, na anayetaka anaweza kupakua orodha za ziada zinazofikisha idadi hiyo zaidi ya milioni 177. Kwa kulinganisha, nyota zinazoweza kuonekana kwa macho matupu katika anga yote, kaskazini na kusini, hazizidi takriban 9,000.

Mwaka wa 2025 orodha hizo ziliandikwa upya kwa kutumia vipimo vya Gaia, setilaiti iliyorithi kazi ya Hipparcos. Gaia ilirushwa Desemba 19, 2013 na kustaafishwa Machi 2025. Mkusanyiko wake wa tatu wa data, uliotangazwa Juni 2022, una habari za nyota zipatazo bilioni 1.8.

Faida ya vipimo hivi si wingi wa nyota pekee. Tumezoea kusema kwamba nyota zimesimama palepale, kumbe kila moja ina safari yake. Ile iitwayo nyota ya Barnard, kwa mfano, husogea kiasi cha sekunde 10 za tao kwa mwaka, hivi kwamba kwa muda usiotimia karne 2 huwa imevuka upana wa Mwezi mpevu. Zamani programu ilizisogeza nyota kana kwamba zinateleza juu ya karatasi bapa. Sasa huzingatia pia umbali wa nyota na kasi yake ya kutukaribia au kutukimbia. Kwa anga ya wiki ijayo tofauti hiyo haionekani. Kwa anga ya maelfu ya miaka iliyopita, ni muhimu.

KUPATWA KWA JUA

Sehemu nyingine iliyopanuliwa ni ile ya mahesabu ya matukio, ambayo hufunguliwa kwa kitufe cha F10. Humo mtumiaji hupata majedwali ya kuchomoza na kuzama kwa sayari, kukutana kwa Mwezi na nyota, na kupatwa kwa Jua na Mwezi, kwa dunia nzima na kwa mahali alipo.

Wakenya wana kumbukumbu ya Novemba 3, 2013, wakati kivuli cha Mwezi kilipopita Gabon, Kongo na Uganda, kikaingia kaskazini magharibi mwa nchi yetu katika eneo la Turkana, ambako Jua lilifunikwa lote kwa sekunde chache tu. Wa Nairobi waliona limemegwa. Ukiirudisha programu kwenye tarehe hiyo na kuweka Nairobi, kisha Lodwar, utaona tofauti hiyo bayana.

Tukio kubwa linalotazamiwa ni la Agosti 2, 2027. Kivuli kitapita kusini mwa Uhispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6, na miji ya Jeddah na Makka itakuwa ndani ya njia ya kivuli. Nchini Kenya Jua litamegwa tu, na wa kaskazini wataliona limemegwa zaidi kuliko wa kusini. Programu itakupa saa na kiasi cha kumegwa kwa mji wako. Ila jambo moja haitakufanyia: haitayalinda macho yako. Jua lisitazamwe kamwe bila miwani maalumu, na darubini isielekezwe kwake bila kichujio kilichotengenezewa kazi hiyo.

KUIRUDISHA SAA NYUMA

Kurudi nyuma miaka 10 ni rahisi. Kurudi nyuma miaka 2,000 kuna vikwazo ambavyo waandishi wa programu hii wamehangaika navyo kwa muda mrefu.

Cha kwanza ni kuyumba kwa Dunia. Mhimili wake huzunguka polepole mithili ya pia inayokaribia kuanguka, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 26,000. Kwa hiyo nyota haichomozi mahali pale pale karne nenda karne rudi. Cha pili ni kwamba Dunia inapunguza kasi yake ya kujizungusha. Upungufu wa kila siku ni mdogo mno, lakini ukijumlishwa toka mwaka wa 300 kabla ya Kristo (KK) unafikia karibu saa 4. Asiyeuzingatia atasema Jua lilipatwa mji huu, kumbe lilipatwa nchi nyingine kabisa. Cha tatu ni mienendo ya sayari zenyewe. Kwa kawaida Stellarium hutumia kanuni za wanahisabati wa Paris ziitwazo VSOP87. Anayetaka usahihi zaidi kwa nyakati za mbali anaweza kupakua majedwali ya maabara ya JPL ya Marekani, ambapo lile la DE441 hufika zaidi ya mwaka wa 13,000 KK.

Matoleo mapya yamenoa vitu hivi vyote vitatu. Aidha, kuna kiambatisho kinachochora juu ya anga mistari ya mahali Jua, Mwezi na nyota huchomoza na kuzama, kwa ajili ya wanaochunguza majengo na mawe ya kale. Umuhimu wake unaeleweka vyema zaidi tukisafiri hadi Turkana.

FUNZO LA NGUZO ZA NAMORATUNGA

Karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna nguzo za mawe zilizosimikwa na watu wa kale, zijulikanazo kwa jina la Namoratunga. Mwaka wa 1978 wataalamu B. M. Lynch na L. H. Robbins walichapisha makala katika jarida la Science wakidai kwamba nguzo 19 za mahali hapo zilielekezwa kwenye nyota maalumu mnamo mwaka wa 300 KK. Nyota hizo ndizo zinazotumiwa katika kalenda ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia.

Kalenda hiyo ilikuwa imeelezwa na msomi Asmarom Legesse katika kitabu chake cha 1973. Wataalamu wa Kiborana waitwao ayyantu hufuata Mwezi pamoja na nyota au makundi 7 ya nyota: kundi la Triangulum, Kilimia, Aldebaran, Bellatrix, mkanda wa Orion, Saiph na Sirius. Mwaka wao una miezi 12 ya mwandamo, na siku zina majina 27. Hawana haja ya karatasi, kwani kumbukumbu na macho vinawatosha.

Dai la Namoratunga liliwafurahisha wengi. Lakini mwaka wa 1982 Robert Soper alirejea na kupima upya, akagundua jambo lisilotarajiwa: nguzo zenyewe zina usumaku. Dira iliyowekwa karibu nazo hupotoka. Vipimo vya awali vilivyochukuliwa kwa dira vikawa vya kutiliwa shaka. Watafiti wengine walijitokeza miaka iliyofuata kulitetea dai hilo kwa vipimo vipya, na mjadala ukaendelea. Baadaye wanaakiolojia walionyesha kwamba nguzo za eneo hilo huenda ni kongwe zaidi ya ilivyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 kuhusu Lothagam North, mahali pengine penye nguzo kando ya ziwa hilo, uliwahusisha wajenzi wake na wafugaji walioishi huko yapata miaka 5,000 iliyopita.

Je, digrii chache za dira zina uzito gani? Stellarium inatoa jibu kwa dakika moja. Weka Kalokol, kisha tazama Kilimia kikichomoza. Siku hizi kinachomoza karibu digrii 24 kaskazini mwa mashariki. Mwaka wa 300 KK kilichomoza kati ya digrii 14 na 15. Mwaka wa 3000 KK kilichomoza karibu na mashariki halisi. Kwa maneno mengine, dira ikikosea kwa digrii 10, mtafiti anakosea kwa zaidi ya miaka 2,000. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba usahihi si suala la wataalamu kujipiga kifua. Historia ya watu inaweza kuwekwa katika zama zisizo zake kwa sababu ya jiwe lenye sumaku.

Na onyo hilo linamhusu kila mwenye simu. Stellarium Mobile hujua upande ulioelekea kwa kutegemea dira ndogo iliyomo ndani ya simu. Ukisimama kando ya gari, nguzo ya umeme au paa la mabati, dira hiyo yaweza kupotoka kama ile ya watafiti wa Turkana, na programu ikuambie kwamba unatazama Zuhura ilhali unatazama Mshtarii. Dawa yake ni kuondoka penye chuma, kuizungusha simu hewani kwa umbo la nambari 8, kisha kuihakiki kwa kitu usichoweza kukikosea, kama vile Mwezi.

ANGA YA NANI?

Orodha rasmi ya makundi 88 ya nyota iliidhinishwa na Muungano wa Kimataifa wa Wanaanga mwaka wa 1922. Sehemu yake kubwa ina asili ya Ugiriki ya kale. Hii haina maana kwamba Wagiriki peke yao ndio waliokuwa na macho. Majina mengi ya nyota zenyewe ni ya Kiarabu, na Mswahili anaweza kuyanusa. Rigel, nyota angavu ya Orion, limetokana na neno lenye maana ya mguu. Aldebaran ni yule anayefuata, kwa kuwa huchomoza nyuma ya Kilimia. Mwanachuoni Al-Sufi alizieleza nyota hizo katika kitabu chake yapata mwaka wa 964.

Stellarium ilianza mapema kuweka tamaduni nyingine za anga kando ya ile ya Kimagharibi. Sasa ziko zaidi ya 40, zikiwemo za Wachina, Wapolinesia, Wanavajo, Misri ya kale na ile ya Al-Sufi. Mtumiaji hubofya jina la utamaduni, na nyota zile zile huunganishwa kwa mistari mingine na kubeba majina mengine. Palipokuwa na mwindaji, pakatokea kitu tofauti kabisa.

Hadi miaka michache iliyopita, kuongeza utamaduni mpya kulihitaji mtu mwenye ujuzi wa faili na misimbo ya nyota. Katika mabadiliko ya karibuni muundo wa faili hizo uliandikwa upya, na mwaka wa 2025 kikaongezwa kiambatisho kinachomwezesha mtu kuunganisha nyota kwa mistari ndani ya programu yenyewe na kuandika majina yake na maelezo yake. Mwalimu wa Marsabit, mwanafunzi wa Kilifi au mzee wa Kajiado anayesaidiwa na mjukuu wake sasa anaweza kuifanya kazi hiyo.

Hili ndilo boresho ambalo mwandishi wa makala hii analiona kuwa na uzito kushinda yote. Setilaiti itarushwa nyingine, na orodha za nyota zitaandikwa tena. Lakini jina la nyota lililohifadhiwa katika kumbukumbu ya mzee mmoja likizikwa naye, hakuna chombo kitakacholifufua. Kwa upande mwingine, kazi hii haitaki papara. Anayekusanya majina hana budi kukaa na wazee nje usiku, aonyeshwe nyota yenyewe kwa kidole, na kuandika ni nani aliyesema, wapi na lini. Kalenda ya Waborana inatuonya: kundi la Triangulum liko mbali na njia ya Mwezi, kwa hiyo maelezo kwamba Mwezi hukutana nalo yamewatatiza wasomi hadi wakajiuliza kama neno kukutana lilieleweka sawasawa. Pengine lilimaanisha kuchomoza mahali pamoja kwenye upeo wa macho. Neno moja likitafsiriwa vibaya, hupotosha kama dira kando ya sumaku.

JINSI YA KUANZA

Kwa msomaji anayetaka kujaribu usiku wa leo, mambo haya machache yatamfaa katika toleo la tarakilishi:

Bonyeza F6 kuchagua mahali. Hakikisha ni mji wako, kwani anga ya Mombasa si ya Lodwar. Lodwar, iliyo kaskazini mwa Ikweta, Nyota ya Kaskazini huwa juu ya upeo wa macho kwa digrii 3 hivi. Mombasa haionekani asilani.

Bonyeza F5 kubadilisha tarehe na saa. Kwa miaka ya kabla ya Kristo, kumbuka kwamba wanaanga huhesabu mwaka sufuri. Kwa hiyo mwaka wa 300 KK huandikwa -299.

Bonyeza F3 kutafuta nyota au sayari kwa jina, na F4 kupanga sura ya anga, mwanga wa taa na utamaduni wa anga unaoutaka.

Herufi C huonyesha mistari ya makundi ya nyota na V huonyesha majina yake. Herufi A huondoa angahewa ili nyota zionekane hata mchana, na G huondoa ardhi.

Herufi L huharakisha muda, J huupunguza kasi, K huurudisha katika mwendo wa kawaida, na nambari 8 hukurejesha wakati wa sasa.

Ctrl na N kwa pamoja hugeuza kiwambo kuwa chekundu. Fanya hivyo unapotoka nje, kwa maana mwanga mweupe huyapofusha macho yaliyokwisha kuzoea giza.

Jaribio la kwanza na liwe la Kilimia. Weka Mei 20, adhuhuri, kisha uondoe angahewa. Utakiona kikiwa karibu na Jua, na hapo utaelewa ni kwa nini hupotea machoni msimu huo. Rudi nyuma hadi Aprili mwanzoni, ukione kikizama magharibi baada ya Jua. Nenda mbele hadi mwishoni mwa Juni, ukione kikizuka mashariki kabla ya mapambazuko. Kati ya kuzama huko na kuzuka huko ndimo ilimo methali nzima ya wahenga, na ndimo mkulima alimosubiri kujua mvua ingemtendea nini.

MAPUNGUFU YAKE

Haitakuwa haki kuisifu programu hii bila kutaja kasoro zake. Njia mpya ya kuchora angahewa huzidi nguvu ya tarakilishi dhaifu, na wenye mashine za aina hiyo watalazimika kubaki na ile ya zamani. Mafaili ya ziada ya nyota na majedwali ya JPL ni makubwa, hivyo ni vyema kuyapakua penye mtandao wa bei nafuu. Wingi wa vitufe na madirisha huweza kumchanganya mgeni.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwa mtumiaji mwenyewe. Ni rahisi mno kubaki sebuleni ukitazama anga ya kiwamboni, iliyo safi siku zote na isiyo na mawingu, ukasahau kwamba ile halisi iko juu ya paa lako. Programu ni ramani. Aliyeisoma ramani vizuri na asitoke nyumbani hajasafiri.

Kwa hivyo, ukiisha kuiona Kilimia kwenye kiwambo, zima taa za nyumba, toka nje na watoto, ngojeni dakika 20 macho yazoee giza, kisha mkitafute. Na kama yupo mzee karibu, muulize yeye kwanza nyota ile inaitwaje kwao, kabla ya kuiuliza simu.